Dawa ya Mazungumzo kwa Vijana Wetu

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hutuuliza kwa sauti ya chini, mlangoni pa kanisa, wakati wengine wamekwisha kwenda zao. Mama husema mwanawe hajalala siku tatu. Baba husema binti yake aliyerudi kutoka chuoni hataki kula wala kuongea na mtu. Mwingine husema kijana wake ameanza kujibizana na watu wasioonekana. Na karibu wote humalizia kwa swali lile lile: Je, tumwombee, tumpige, au tumpeleke Mathari?

Mathari ni hospitali ya Serikali iliyoko Nairobi, nayo imewatunza wagonjwa wa akili tangu mwaka 1910. Jina lake limegeuzwa kuwa mzaha, hata watoto shuleni hutukanana kwalo. Ndiyo maana mzazi akidhani kwamba nje ya maombi hakuna kitu ila Mathari, hunyamaza na kungoja, na ugonjwa huendelea kukua. Lakini kati ya magoti ya mama na lango la Mathari iko njia ndefu yenye vituo vingi. Kituo kimoja ambacho watu wetu hawakifahamu vema ni tiba ya mazungumzo, ile iitwayo ushauri nasaha. Tutaieleza jinsi inavyofanywa, kwa nini inasaidia, na pale ambapo haitoshi peke yake.

Tuanze nyumbani kwetu. Katika milima ya Nyambene, kule Igembe na Tigania, miraa ndiyo shamba na ndiyo benki. Katika Mbeere ya Embu ni muguka. Karo za shule zimelipwa na majani haya, na sadaka ya Jumapili ina noti zilizotoka sokoni Maua, Laare au Kiritiri. Hatusemi haya ili kumwaibisha mkulima. Twasema kwa sababu mshauri anayemwambia kijana wa Igembe akae mbali na miraa, anamwambia akae mbali na shamba la baba yake. Mafundisho mengi yanayotoka miji mikubwa hayalifahamu neno hili, na kwa hiyo vijana wetu huyasikiliza kwa adabu, kisha huenda zao kuchuma.

Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipopiga marufuku muguka, huku kwetu kulikuwa na kelele nyingi. Mahakama Kuu ya Embu iliisimamisha marufuku hiyo kwa muda, na Serikali ya taifa ikasema zao hili latambuliwa na sheria. Wakulima walikuwa na haki ya kutetea riziki yao. Hata hivyo, katika kelele zile tulisikia mengi juu ya soko, na machache mno juu ya vijana wa hapa hapa wanaotafuna usiku kucha. Watu wa pwani, tukubaliane nao au tusikubaliane, walikuwa wakisema juu ya watoto wao.

Yafaa tulifahamu jani lenyewe. Jani bichi la miraa lina kemikali iitwayo kathinoni, nayo huuchangamsha ubongo kwa namna ya zile dawa ziitwazo amfetamini, ingawa nguvu yake ni ndogo kuliko hizo. Kathinoni huharibika upesi jani likikauka, kwa muda wa siku mbili hivi. Hiyo ndiyo sababu mafurushi hufungwa kwa majani ya migomba, na magari ya miraa hukimbizwa barabarani kana kwamba yamebeba mgonjwa mahututi. Mtafunaji huchangamka na kuongea sana, njaa humtoka na usingizi humkimbia. Wenyewe huiita handasi. Handasi ikiisha, huja uzito wa moyo, wasiwasi, na hasira zisizo na sababu. Basi kijana hutafuta pombe ili apate usingizi. Asubuhi huamka mzito kama gunia, naye hutafuta majani ili apate kusimama. Ndivyo gurudumu linavyozunguka.

Si kila mtafunaji huingia katika gurudumu hilo. Zamani, kule Nyambene, miraa ilikuwa ya wazee, na kifurushi chake kilipelekwa kwa heshima wakati wa kuposa. Wako wazee waliotafuna miaka mingi nao walilima na kulea watoto wao. Lakini mzee mwenye miaka 60 akitafuna barazani na wenzake ni jambo moja, na mtoto wa miaka 14 aliyeacha shule ili achume, mwenye pesa zake mfukoni na hana wa kumwuliza, ni jambo lingine kabisa. Madaktari wamekwisha kutuonyesha kwamba ubongo wa binadamu huendelea kujengeka hata miaka ya ishirini na kitu. Kitu kinachoutikisa ubongo wa mzee huweza kuuharibia msingi ubongo wa mtoto.

Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2019 uliwahoji watu 831 katika sehemu za mashambani zinazolima miraa hapa Kenya. Zaidi ya theluthi moja walikuwa watafunaji, na miongoni mwao dalili kama kusikia au kuona mambo yasiyokuwako zilionekana zaidi kuliko kwa wasiotafuna. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuamua kama jani ndilo lililoleta dalili, au kama mwenye dalili ndiye anayelikimbilia jani apate nafuu. Yamkini ni yote mawili. Na juu ya pombe hatuna haja ya kutafuta vitabu. Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, na wengine walibaki vipofu.

Kwa nchi nzima, uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mtu 1 kati ya kila 6 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia kileo au dawa ya kulevya ya namna fulani, na 1 kati ya kila 28 alikuwa akitafuna miraa. Mwaka huo huo ilitolewa hesabu ya afya ya akili ya watoto wetu wa miaka 10 hadi 17. Asilimia 44 walikuwa na shida fulani ya moyo au akili katika muda wa mwaka mmoja uliotangulia, na asilimia 12 walikuwa na ugonjwa kamili unaoweza kupewa jina na daktari. Si jambo la familia mbili tatu zilizolaaniwa, kama wengine wanavyosema.

Hapa twataka kukaa kidogo juu ya jambo la kwetu. Mvulana akitahiriwa, hajengi tena usingizi wake katika nyumba ya mama. Katika Meru ya zamani alikwenda gaaru, nyumba ya vijana, akalala kati ya wenzake wa rika moja, na waliomtangulia wakimwangalia na kumfundisha. Leo gaaru hakuna. Kilichobaki ni chumba kidogo cha mabati pembeni mwa boma, kufuli, na simu. Mama haingii humo, maana ni aibu kwake na kwa kijana. Baba yuko kazini au ana yake. Basi dalili ya kwanza ya ugonjwa, ambayo mara nyingi ni kutolala, haionekani na mtu yeyote. Tumewaondolea vijana wetu nyumba ya wenzao, tukawaachia desturi ya kukaa peke yao. Wasichana nao wamo katika shida hii, ingawa hujificha zaidi. Binti huvaa vizuri, huimba kwaya, na hakuna ajuaye kwamba usiku ana chupa chini ya kitanda cha bweni, au kwamba ametafuta namna ya kujiua.

Sasa tumrudie Eliya katika somo letu. Huyu ni nabii aliyetoka kushinda Karmeli mbele ya taifa zima, na muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, peke yake, amechoka na maisha, akimwomba Mungu amwondoe. Tazameni alivyotendewa. Hakuletewa hotuba. Aliachwa alale. Malaika akamwamsha, akampa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Baada ya safari ndefu hata Horebu ndipo aliposemeshwa, na neno la kwanza lilikuwa swali: anafanya nini mahali pale. Aliulizwa swali hilo mara mbili, naye akajibu maneno yale yale mara mbili, na hakukemewa kwa kuyarudia. Kisha alipewa kazi ya kufanya, na mwenzi wa kuifanya naye, na habari kwamba wako watu elfu saba kama yeye.

Wale waliojifunza tiba ya mazungumzo wangeitambua kazi hiyo hatua kwa hatua. Kwetu sisi mambo hufanywa kinyume. Kijana akionekana ameharibika, wazee huitwa, viti hupangwa kwa duara, na kila mmoja humpa onyo lake kwa zamu mpaka chai iletwe. Kijana huinamisha kichwa na kukubali yote. Tumeshuhudia vikao vya namna hiyo zaidi ya mara moja, na hatukumbuka hata kimoja ambacho mtu alimwuliza kijana swali akangoja jibu lake.

Basi ni nini hasa hutendeka katika chumba cha mshauri? Tuseme yuko kijana wa miaka 19 kutoka karibu na Kiritiri, anayetafuna muguka kila siku na kunywa pombe kila jioni. Mshauri aliyefundishwa haanzi kwa kumwambia kuwa muguka ni mbaya. Hilo kijana amelisikia tangu darasa la nne. Humwuliza muguka humfanyia nini kilicho kizuri. Swali hili huwashtua wazazi, lakini lina maana. Kijana atasema: humsahaulisha, humtoa haya mbele ya watu, humfanya aweze kufanya kazi usiku. Mshauri husikiliza. Kisha huuliza humnyang'anya nini. Kijana atataja usingizi, meno, pesa, msichana aliyemwacha, mama anayelia. Sasa maneno hayo yametoka kinywani mwake mwenyewe, na hayo ndiyo maneno ambayo mtu huyasadiki.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliandika juu ya njia hii baada ya kuwashughulikia watu wenye shida ya pombe. Alieleza kwamba kadiri mshauri anavyozidi kubishana na mnywaji, ndivyo mnywaji anavyozidi kuutetea unywaji wake. Mtu yeyote aliyewahi kugombana na mlevi njiani hahitaji kusoma kitabu ili akubali. Lakini Miller aliifanya hekima hiyo kuwa ufundi unaoweza kufundishwa, na leo hutumika katika nchi nyingi.

Baada ya hapo huja kazi ya juma kwa juma. Kijana hupewa daftari, au hutumia simu yake, aandike ni saa ngapi hamu ilimjia, alikuwa wapi, na nani, ana pesa kiasi gani, na wazo gani lilikuwa kichwani. Baada ya majuma mawili mambo huanza kuonekana. Labda hamu humjia kila Ijumaa akilipwa ujira, au kila anapogombana na baba yake, au kila anapokuwa peke yake katika kile chumba cha mabati baada ya saa tatu ya usiku. Hapo pana kitu cha kushika. Pesa za Ijumaa zaweza kupelekwa kwa dada yake kabla hajafika sokoni. Saa tatu ya usiku yaweza kupata kazi nyingine. Wazo lile la kwamba yeye ni mtu bure, ambalo limekaa kichwani kama mwenye nyumba, huletwa mezani na kuulizwa ushahidi wake. Kazi hii huchukua saa moja hivi kila juma, kwa majuma nane, kumi na mawili, au zaidi. Haina miujiza ndani yake. Hufanana na kupalilia.

Tena mshauri hutaka kujua ni kipi kilichotangulia. Je, kijana alikuwa na huzuni au hofu kabla hajaonja majani, au huzuni ilikuja baadaye? Ukimwondolea mtu majani na kumwachia huzuni iliyomfanya ayatafute, atayarudia, au atatafuta bangi mahali pake. Yote mawili hutibiwa pamoja. Na akianguka baada ya mwezi mmoja wa kujizuia, mshauri haoni kwamba kazi imeharibika. Humwuliza ni nini kilichotokea siku ile, wakaandika, wakaendelea. Sisi makanisani tumezoea ushuhuda wa mtu aliyeacha siku moja asirudie tena, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili ya hao. Wengi lakini huacha mara tatu, nne, kabla hawajaacha kabisa, na hao hawaitwi mbele kutoa ushuhuda.

Jambo lingine ni siri. Yale yasemwayo katika chumba hicho hayatoki, isipokuwa kama pana hatari ya mtu kujiua au kumwumiza mwingine. Hapa twapaswa kusema neno gumu juu ya desturi yetu ya maombi. Mama humweleza mwenzake habari ya mwanawe ili waombe pamoja. Mwenzake huipeleka katika kikundi kama ombi. Na kabla ya Jumapili habari imefika kituo cha matatu ikiwa imefungwa kwa maneno ya dini. Kijana akisikia hivyo mara moja, hatafungua kinywa tena kwa mtu wa kanisa.

Watu hutuuliza: Je, hii ni dhambi au ni ugonjwa? Mtu akivunjika mguu kwa kuanguka kutoka mwembe wa jirani, daktari hafungui kesi ya maembe kwanza. Hufunga mguu.

Lakini iko hali ambayo mazungumzo peke yake hayatoshi, na hapa twaomba msikilize kwa makini, maana ni habari ya kufa na kupona. Mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akiikatiza ghafula, mwili wake huweza kuingia katika hatari. Hutetemeka, hutoka jasho, huona mambo yasiyokuwako, hupata kifafa, na huweza kufa katika siku chache za kwanza. Basi usimfungie mtu kama huyo chumbani ili afunge na kuomba. Mpeleke hospitali, ambako hupewa dawa za kumshusha polepole, kisha mazungumzo yafuate. Kuacha miraa hakuna hatari ya namna hiyo. Kijana hulala sana, huota ndoto mbaya, hukasirika na kuwa mzito kwa siku kadhaa, na yafaa aachwe alale na apewe chakula, kama Eliya.

Kijana anayesikia sauti, au anayedhani watu wote wanapanga kumwua, ahitaji daktari na dawa. Dawa hizo huchukua majuma kufanya kazi yote, na hazikatizwi siku mtu anapojisikia vizuri. Twajua wako wahubiri wanaowaambia watu watupe vidonge kama alama ya imani. Hatuwezi kukubaliana nao.

Na kijana anayesema kwamba amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Wazazi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo, uchunguzi umeonyesha kwamba kuulizwa kwa upole hakumtii mtu wazo hilo, bali wengi huona nafuu kwamba hatimaye mtu ameuliza. Kisha msimwache peke yake, na zile dawa za kunyunyizia mimea zilizoko stoo zitolewe au zifungiwe, siku hiyo hiyo. Katika mashamba yetu ndizo zilizo karibu kuliko kitu kingine chochote. Familia nyingi zilinyamaza zamani kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa kosa kwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho chapingana na Katiba.

Mtasema washauri ni wachache na pesa ni haba, nanyi mtakuwa mmesema kweli. Mchuma majani wa Mutuati hawezi kulipia ofisi ya mshauri wa mjini kila juma. Ndipo twaona habari mbili kutoka kwingine kuwa njema kwetu. Mwaka 2006 huko Harare, katika mtaa wa Mbare, daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na hakuwa na wasaidizi wala vyumba. Aliwafundisha akina nyanya 14 wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi, kwa hatua zilizopangwa: kwanza kuufungua moyo, kisha kuchagua shida moja kati ya nyingi, kisha kutafuta hatua ya kuchukua. Walipolipima jambo hilo kwa wagonjwa 573, na matokeo kuchapishwa mwaka 2016, waliokaa na nyanya hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nao wameliiga.

Habari ya pili ni ya hapa Kenya. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na kijana Mkenya, Tom Osborn, liliwafundisha vijana waliotoka tu kumaliza shule ya sekondari wawaongoze wanafunzi wenye huzuni na wasiwasi, katika vikundi, saa moja kwa juma kwa majuma manne. Walizungumza juu ya kwamba mtu aweza kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo ambayo kila mmoja ayathamini. Kipimo chake kilifanywa kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, kikachapishwa mwaka 2021, na huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliokuwa katika vikundi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa maarifa ya kusoma. Sisi tukisoma habari hiyo tuliikumbuka gaaru.

Makanisa yetu yana mambo haya tayari. Tuna akina mama waliolea na kuzika, tena wasio na haraka. Tuna vijana waliopita katika moto huo wakatoka. Makanisa mengi hupanga tohara ya wavulana hospitalini wakati wa likizo na kuwapa mafundisho. Saa mbili za mafundisho hayo zaweza kutolewa kwa usingizi, huzuni, majani na pombe, na mtu wa kusema naye akatajwa kwa jina. Hospitali za Maua na Chogoria zilianzishwa na makanisa karibu miaka 100 iliyopita, wakati watu wetu walipoiogopa sindano kama sasa wanavyoiogopa idara ya akili. Lakini nyanya wa Harare walifundishwa kwanza, na walikuwa na daktari nyuma yao wa kumpelekea mgonjwa aliyewashinda. Moyo mwema usiofundishwa huweza kuumiza. Mkitaka kuanza benchi katika kanisa lenu, nendeni kwanza hospitalini mkaulize ni nani atakayewafundisha na ni nani atakayepokea wale mtakaowapeleka.

Tena jihadharini na vituo vinavyojitangaza kuwa vya kurekebisha walevi. Viko vizuri, na viko ambavyo watu hufungwa minyororo na kupigwa. Kabla ya kulipa shilingi moja, ombeni kuona cheti cha NACADA, ulizeni kama kuna daktari, na kama mzazi aruhusiwa kumwona mwanawe. Mshauri naye awe ameandikishwa, kwa sheria ya mwaka 2014 ya washauri na wanasaikolojia. Ukiuliza cheti humvunjii mtu heshima.

Mwisho ni habari ya siku ya kurudi. Kijana aliyetibiwa miezi mitatu hurudi katika chumba kile kile, shamba lile lile, na marafiki wale wale wanaomngoja na mfuko wa muguka, njugu na chingamu. Siku 30 za kwanza ndizo ngumu. Baba aweza kumtafutia kazi isiyo ya kuchuma kwa msimu mmoja, hata kama ni kukamua ng'ombe na kupeleka maziwa. Mzee mmoja wa kanisa aweza kupita kila Ijumaa jioni, saa ya ujira, akae naye bila kuhubiri, wacheze hata bao. Mama aweza kumpikia na kumwita ale nyumbani na wengine, asipelekewe sahani mlangoni. Na mshauri aendelee kuonwa, hata kama mambo yanaonekana kuwa mazuri.

Namba ya NACADA ni 1192, na ile ya kuwasaidia watoto ni 116. Zote mbili hazilipiwi. Hospitali kubwa za Embu na Meru hupokea wagonjwa wa akili, nanyi mwaweza kuanzia katika zahanati iliyo karibu ili mpewe barua. Ziandikeni namba hizo nyuma ya jalada la Biblia au kitabu cha nyimbo, mahali ambapo hata kijana mwenyewe aweza kuziona bila kuuliza.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza na akina baba peke yao. Hadi hapo, kwaherini.